Injini ya Bodaboda Nayo Hupumua: Mazungumzo kwa Waendeshaji na Mafundi wa Maseno

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na mkufunzi wa ufundi wa mitambo kwa waendesha bodaboda na mafundi wa pikipiki wa Maseno, Kaunti Ndogo ya Kisumu Magharibi. Tunayachapisha kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.

 

 Najua kwamba kila dakika mnayokaa hapa kuna abiria anayechukuliwa na mwingine, kwa hivyo sitazunguka. Nimekuja kuzungumzia kipande kimoja cha mpira, chembamba kama kidole, ambacho wengi wenu hamjawahi kukigusa tangu mliponunua pikipiki. Mtu akikuuliza injini yako inakula nini, utamjibu mara moja: petroli na oili. Akikuuliza inapumulia wapi, hapo wengi tutanyamaza.

Nawaomba tusilichukulie jambo hili kuwa dogo. Pikipiki nyingi zilizoegeshwa hapo nje bado ziko kwenye mkopo. Malipo yanadaiwa injini ikiwa nzima, na yanadaiwa vilevile injini ikiwa imefunguliwa vipande vipande kwenye karakana. Mpira huu ukiziba au ukielekezwa pabaya, unaweza kukuondolea kazi ya wiki nzima. Unaweza pia kukuangusha wewe na abiria wako. Sababu hizo mbili ndizo zilizonileta.

Kwa nini injini inahitaji kupumua

Tuanze na umbo la injini yenyewe. Juu kuna silinda, na ndani yake pistoni inapanda na kushuka. Chini kuna nyumba ya chuma inayobeba krankshafti, gia na oili. Mafundi huiita krankikesi. Mimi leo nitaiita tumbo la injini, ili sote twende pamoja.

Tumbo hilo lina hewa ndani. Pistoni inaposhuka inaisukuma hewa hiyo chini, na inapopanda inaivuta juu. Chukua injini ya sisi 125, kama zile nyingi za Kichina zilizotengenezwa kwa kufuata Honda CG125. Kila pistoni inaposhuka, nafasi iliyo chini yake hupungua kwa karibu sisi 125. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, jambo hilo hutokea mara 100 kila sekunde. Kwenye gari la silinda nne, pistoni mbili zikishuka nyingine mbili zinapanda, na hewa inahama tu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Pikipiki zetu zina silinda moja. Hakuna pistoni ya pili ya kuipokea hewa hiyo. Ndiyo maana injini ya bodaboda inahitaji pumzi kuliko hata injini ya matatu.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni moshi. Ringi za pistoni, hata zikiwa mpya, hazizibi asilimia mia. Kila petroli inapowaka, sehemu ndogo ya moshi huponyoka kando ya ringi na kushuka tumboni. Ringi zikichakaa, moshi huo unaongezeka. Usipopata njia ya kutoka, unajikusanya na kuleta shinikizo.

Sababu ya tatu ni maji. Hii huwashangaza watu. Lita moja ya petroli ikichomeka, hutengeneza karibu lita moja ya maji. Mengi yanatoka kwa ekzosi yakiwa mvuke, lakini kidogo hushuka tumboni pamoja na ule moshi. Injini ikipata joto la kutosha, mvuke huo unatoka kupitia mpira wa kupumulia. Lakini fikirieni kazi ya hapa Maseno. Asubuhi kuna baridi, hapa juu si kama Kisumu mjini. Unambeba mwanafunzi kutoka barabara kuu hadi hosteli, dakika tano, unazima. Unarudi steji, unangoja nusu saa. Injini haijawahi kupata moto sawasawa. Maji yanabaki ndani, yanachanganyika na oili, na unapotoa kijiti cha kupimia unaona povu jeupe kama uji. Pikipiki hizi zinapozwa kwa hewa, hazina rejeta. Kwa hivyo mtu asikwambie kwamba maji yametoka kwenye rejeta. Yametoka kwenye petroli uliyoichoma mwenyewe, au yameingia kutoka nje.

Njia zinazotumika kuipa injini pumzi

Watengenezaji wamejaribu njia nyingi. Nitazitaja nne.

Njia ya kwanza, ya zamani kuliko zote, ni kutoa bomba tumboni na kuliacha wazi liangalie barabarani. Moshi unatoka, oili kidogo inadondoka, na kazi imekwisha. Magari pia yalifanya hivyo miaka mingi. Tatizo ni uchafu. Moshi wa tumboni una petroli isiyochomeka, na ulichangia ukungu mchafu uliokuwa ukiwachoma watu macho kule Los Angeles. Kuanzia magari ya mwaka 1961, jimbo la California likawa la kwanza Marekani ambako magari mapya yalitoka kiwandani yakiwa na njia ya kurudisha moshi huo ndani ya injini uchomwe.

Hiyo ndiyo njia ya pili, na ndiyo iliyo kwenye pikipiki nyingi mnazoendesha. Mpira unatoka kwenye injini na kuingia kwenye boksi la chujio la hewa. Moshi unavutwa na kabureta pamoja na hewa safi, unaingia kwenye silinda, unachomwa. Oili na maji yanayofika kwenye boksi yanashuka chini na kukaa kwenye kipande cha mpira chenye kifuniko. Pikipiki nyingi zina kipande hicho chini ya boksi. Wengi wenu hamkijui. Leo mkitoka hapa, kitafuteni, mkifungue, mmwage kilichomo kwenye chupa.

Njia ya tatu ni kuweka vali ya upande mmoja kwenye mpira. Pistoni ikishuka, hewa inatoka. Ikipanda, vali inajifunga, hewa ya nje hairudi. Tumbo linabaki na shinikizo dogo, na sili hazisukumwi. Pikipiki za zamani za Uingereza zilikuwa na vali inayozungushwa na kamshafti, ikifungua na kufunga kwa kufuata mwendo wa pistoni. Siku hizi hutumika ulimi mwembamba wa chuma au wa plastiki. Ni njia nzuri, lakini ulimi ukikwama ukiwa umefunga, ni sawa na kuziba mpira wote. Usiifunge vali hiyo kwenye pikipiki isiyotengenezewa, kwa sababu tu umeambiwa inaongeza nguvu.

Njia ya nne ni mkebe. Mpira unapita kwanza kwenye mkebe mdogo ambamo matone ya oili yanabaki, kisha moshi unaendelea. Wanaoshindana mbio za pikipiki huutumia sana. Kwa bodaboda unaweza kusaidia, mradi uwe na tundu la kutokea na umwagwe mara kwa mara. Mkebe uliofungwa pande zote haupumui.

Injini za zamani za kuchanganya petroli na oili hazimo katika hesabu hii. Zile hutumia tumbo lenyewe kusukuma mchanganyiko kwenda kwenye silinda, kwa hivyo ni lazima tumbo liwe limefungwa. Fundi aliyejifunzia injini hizo asilete mazoea yake kwenye hizi za sasa.

Mpira ukiziba, nini hutokea

Tuseme pikipiki inaletwa kwa fundi, oili inatoka kwenye sili iliyo nyuma ya sproketi ya mbele. Fundi anabadilisha sili. Baada ya wiki mbili, oili inatoka tena, safari hii kwenye shafti ya gia. Anabadilisha na hiyo. Mwezi haujaisha, gasketi ya kava ya klachi inalowa. Mwenye pikipiki anaanza kusema spea za siku hizi ni bandia, na fundi anaanza kusema dereva anaendesha vibaya. Huenda wote wawili wanakosea. Shinikizo limejaa tumboni, halina mlango, linatafuta mahali palipo dhaifu. Ukiziba pale, litatafuta pengine.

Sisi Waswahili tumezoea kusema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa tundu hili ni kinyume. Ukiliziba ndipo utakapojenga ukuta.

Kwa hivyo, ndugu fundi, ukiona oili inavuja sehemu mbili au zaidi kwa wakati mmoja, usianze kwa sili. Anza kwa mpira wa kupumulia. Utauona umebanwa chini ya tangi, au umekunjika, au umejaa tope lililokauka, au ndani yake kuna lile povu jeupe limegeuka gundi. Wakati mwingine nyigu wadogo wamejenga kwa udongo kwenye ncha ya mpira ulioachwa nje. Kuusafisha hakuhitaji spea hata moja.

Mambo tunayofanya ambayo yanaharibu

La kwanza ni kuziba mpira kwa bolti au kijiti. Hufanywa hivi: boksi la chujio limejaa oili, pikipiki inakohoa, mtu anaung'oa mpira, anauziba ili usidondoshe. Hapo injini imefungwa pua na mdomo.

La pili ni kuung'oa mpira kwenye boksi na kuuachia juu ya cheni. Nimewasikia wengi wakisema, "Si vibaya, inalainisha cheni." Nawaomba mfikirie safari ya ile oili. Inadondoka kwenye cheni, cheni inazunguka kwa kasi, inairusha. Inarushwa wapi? Kwenye rimu na ukingo wa gurudumu la nyuma. Sasa chukua mteremko kutoka Maseno kuelekea Kisian, mvua ya jioni imeanza, umebeba mama na mtoto, na gurudumu la nyuma lina oili. Unalaza pikipiki kwenye kona. Sihitaji kumaliza hadithi hiyo. Cheni ina oili yake, ipake kwa brashi pikipiki ikiwa imezimwa, kisha ufute inayozidi.

Tena mpira ulioachwa wazi haupumui nje tu. Pistoni ikipanda, hewa inarudi ndani, na kwenye barabara zetu za murramu hewa hiyo ni vumbi. Vumbi likiingia kwenye oili linakuwa msasa. Linasugua ringi, linasugua beringi, usiku na mchana.

La tatu ni kutumia mpira usiofaa. Nimeona mpira wa dripu ya hospitali, nimeona tyubu ya baiskeli iliyofungwa kwa waya. Dripu inalainika kwa joto na kujibana. Tyubu inavimba kwa oili na kuziba. Nunua mpira unaostahimili oili, upana wa ndani usiwe mdogo kuliko ule wa kwanza. Uelekeze upande juu kwanza kabla ya kwenda kwenye boksi, ili matone ya oili yarudi tumboni yenyewe. Usiguse ekzosi, usikunjike, usibanwe na tangi wala kiti.

La nne ni kuzidisha oili. Kuna anayedhani akiongeza oili injini itadumu. Oili ikizidi alama ya juu ya kijiti, krankshafti na gia zinaipiga kama mtu anayepiga mayai, inageuka povu, na povu linatoka kwa mpira wa kupumulia. Pima pikipiki ikiwa imesimama wima kwenye stendi kubwa, mahali tambarare, na ufuate kitabu chake. Kwa pikipiki nyingi kijiti hakikazwi wakati wa kupima, kinaegeshwa tu.

Jinsi ya kukagua bila gharama

Kazi hii haichukui nusu saa. Injini iwe imezimwa na imepoa.

Fuata mpira tangu unapotoka kwenye injini hadi unapoishia. Kwenye pikipiki nyingine unatoka juu ya tumbo nyuma ya silinda, kwenye nyingine unatoka kwenye kava ya pembeni au kwenye kichwa cha silinda. Ung'oe ncha zote mbili. Tazama kama una nyufa. Pitisha hewa, iwe ya pampu ya baiskeli au ya kompresa yenye nguvu ndogo. Hewa isipopita, uoshe kwa sabuni na maji ya moto, uukaushe vizuri kabla ya kuurudisha. Safisha pia mdomo wa chuma unaoshika mpira, kwa kitambaa, bila kusukuma uchafu ndani.

Kisha rudisha ncha ya upande wa injini, acha ile nyingine huru mbali na ekzosi, uwashe injini mpaka ipate moto. Weka kiganja karibu na ncha, usiizibe. Injini nzima itakupa pumzi ndogo ndogo, inatoka na kurudi, kama mtoto aliyelala. Ikiwa mpira una vali, utasikia inayotoka tu. Usiposikia chochote, njia imeziba ndani, mwite fundi. Ukiona mvuke mweupe mwembamba asubuhi, hayo ni maji, na yakitoka ni heri. Ukiona moshi mwingi wa rangi ya buluu, unanuka oili iliyoungua, na unatoka kwa kasi bila kupungua hata injini ikiwa moto, hapo mpira haujakosa. Mpira unakwambia ukweli. Ringi au silinda zimechoka.

Mafundi, hapa nawaomba uaminifu. Ringi zikichoka, boksi la chujio litajaa oili. Kuutoa mpira nje kutaficha dalili, mteja ataondoka akifurahi, na baada ya muda mfupi atarudi injini ikiwa imekufa. Mwambie mapema. Kubadilisha ringi mapema si sawa na kununua silinda, pistoni na krankshafti kwa siku moja.

Kwa wanaofanya safari fupi fupi, angalau mara moja kwa wiki ipe pikipiki safari ndefu, hata ya kwenda Kisumu na kurudi, ili injini ipate moto na maji yatoke. Na ukiona lile povu jeupe halitoweki hata baada ya safari ndefu, badilisha oili usingoje kilomita zitimie.

Kwa ndugu zetu wa nyanda za Kano na kando ya mto Nyando, ambako mafuriko si jambo geni, kuna onyo la ziada. Injini moto ikizamishwa kwenye maji baridi, hewa ya ndani inanywea na kuvuta maji kupitia mpira wa kupumulia ulio wazi. Pikipiki ikizama, usiiwashe. Toa kijiti kwanza. Ikiwa oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, imwage yote kwenye chombo, uweke mpya, na ubadilishe tena baada ya muda mfupi. Wanaoosha pikipiki kwa mashine ya presha nao wasielekeze maji kwenye ncha ya mpira huo.

Oili, udongo na ziwa

Nimalizie na jambo linalotuhusu sote, hata asiye na pikipiki. Oili inayodondoka kwenye steji haibaki kwenye steji. Mvua ikinyesha inaifagia hadi kwenye mitaro, mitaro inaipeleka kwenye vijito, na hapa kwetu maji mwisho wake ni ziwani. Tone moja si kitu. Pikipiki zilizojaa kila steji, kila moja ikidondosha kila siku, hizo ni mitungi. Samaki tunayemla na maji tunayochota yako kwenye njia hiyo hiyo. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuchafua maji. Ila tusingoje afisa aje. Kila steji iwe na mtungi mmoja wenye kifuniko wa kuwekea oili chafu, pamoja na ile inayotolewa chini ya boksi la chujio. Isimwagwe kwenye mtaro, isimwagwe shambani, isitumiwe kuwashia moto jikoni.

Basi nawapa kazi tatu za wiki hii. Mwendeshaji, utafute mpira wa kupumulia wa pikipiki yako na uhakikishe uko wazi na umefika kwenye boksi. Fundi, kabla ya kuuza sili, ukague pumzi. Kiongozi wa steji, utafute mtungi. Mwenye mpira uliozibwa kwa bolti asione haya kuja mbele sasa hivi. Vifaa viko hapa mezani, tuufungue pamoja kabla hujarudi barabarani.